Mtoto Hajawa Mtoto, Kondo Lishaanza Kazi

Wajawazito wengi siku hizi wana programu ya mimba kwenye simu. Kila wiki inawaletea tunda: mtoto wako sasa amefikia zabibu, sasa limau, sasa papai. Mimi ni mkunga, na wakifika kliniki hunionyesha. Nafurahi nao. Ila katika miaka yote ya kazi hii sikumbuki mama aliyewahi kuniuliza, bila mimi kumchokoza, kondo lake linaendeleaje. Kondo la nyuma hukumbukwa siku ya kujifungua, mtoto akishalia na simu zikishapigwa nyumbani, na hapo hutajwa kama taka. "Limeshatoka?" Limetoka. Basi, yameisha.

Kwa kweli linadhulumiwa. Ukilisahau kondo, mimba huielewi. Presha ya mimba, mtoto kudumaa tumboni, damu ya miezi ya mwisho, damu inayomwagika baada ya kujifungua, hata sukari inayompanda mwanamke ambaye hakuwahi kuwa nayo: fuatilia kila moja hadi ilikoanzia na mara nyingi utalikuta kondo limekaa hapo. Na mengi ya hayo huamuliwa mapema mno, mama akiwa hajajua kama ana mimba, au ndiyo kwanza ameanza kutapika.

Kwanza tuelewane kuhusu mwenye kondo. Ni mtoto. Kondo limetoka kwenye yai lile lile lililorutubishwa, lina vinasaba vya baba na mama kama alivyo navyo mtoto, na mchango wa mama pale ni tabaka jembamba tu la ukuta wa mfuko wa uzazi ambako kondo limejishika. Nikisema hivi kwenye darasa la wajawazito huwa naona macho yanatoka. Wengi wamekua wakidhani ni kitu cha mama ambacho mtoto amekikuta.

Yai likirutubishwa kwenye mrija wa uzazi huanza kugawanyika huku likisogea kuelekea mfuko wa uzazi. Kufikia siku ya 5 hivi limekuwa kitufe chenye maji ndani, kidogo kuliko kichwa cha pini, na seli zake zimeshagawana majukumu. Kundi dogo la ndani ndilo litakalokuwa mtoto. Zile za nje, ambazo ndizo nyingi, ni za kondo. Wataalamu huziita trofoblasti. Yaani mwili mpya unapojipangia kazi kwa mara ya kwanza, wafanyakazi wengi wanapelekwa kwenye kondo. Mtoto atasubiri zamu yake.

Siku chache baadaye trofoblasti hizo zinajichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kuanza kumwaga homoni iitwayo hCG. Hiyo ndiyo inayopimwa na kile kijiti cha mkojo. Mstari wa pili ukitokea, aliyekujibu ni kondo. Mtoto wakati huo hana hata moyo. Kazi ya hCG ni kuiambia ovari isifunge duka. Ile sehemu ya ovari iliyoachia yai huendelea kutoa projesteroni, na projesteroni ndiyo inayozuia ukuta wa mfuko wa uzazi kubomoka na kutoka kama hedhi. Ikifika kati ya wiki ya 7 na ya 10, kondo linakuwa na nguvu za kutengeneza projesteroni yake lenyewe, na ovari inapumzika.

Niseme kitu kuhusu wiki, maana watu hukosana na hesabu. Sisi kliniki tunahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wakati ambapo mimba yenyewe ilitungwa takribani wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mimba ya wiki 6 ina kiinitete cha wiki 4. Nitafuata hesabu ya kliniki, isipokuwa nikitaja kutungwa.

Seli za nje za kondo zina tabia ambayo sijaiona kwingine mwilini. Zinaungana, kuta kati yao zinatoweka, na kubaki tabaka moja lisilo na mipaka lenye viini vingi mno, limefunika uso wote wa kondo unaogusana na damu ya mama. Ni kama seli moja kubwa isiyo na maungio, na pasipo na maungio hapapenyeki kirahisi. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba protini inayoziunganisha seli hizo, sinsitini, inatokana na jini (kipande cha vinasaba) la kirusi kilichoingia kwenye vinasaba vya mababu zetu wa mbali zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita. Kirusi kilikuwa kikiitumia kujishikiza kwenye seli kilizotaka kuziingia. Mwili ukaichukua ukaipa kazi nyingine, na leo bila masalia ya ugonjwa huo wa kale hakuna mimba ya binadamu inayofika mbali. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado sijalizoea.

Kuna dhana nyingine ambayo hata mimi nilisoma ukunga nikiwa nayo: kwamba tangu mwanzo damu ya mama inamiminika kwenye kondo kumlisha mtoto. Sivyo ilivyo katika wiki za mwanzo. Trofoblasti huziba midomo ya mishipa ya mama inayokuja pale, na kwa wiki kadhaa kiinitete kinaishi kwenye mazingira yenye oksijeni kidogo sana, kikilishwa na majimaji ya tezi za ukuta wa mfuko wa uzazi. Oksijeni nyingi mapema ingekuwa sumu kwa tishu changa namna hiyo. Vizibo huanza kulegea kuelekea wiki ya 10 hadi ya 12, na hapo ndipo damu ya mama inapoingia kwa nguvu.

Sasa tazama kinachoendelea ndani katika kipindi hicho cha oksijeni kidogo. Moyo unaanza kudunda kwenye siku ya 22 baada ya kutungwa. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unafunga kwenye siku ya 28, ndiyo maana tunasisitiza vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kabla hata ya kushika mimba. Anayeanza kumeza mwezi wa tatu ameshapitwa na mlango huo. Mikono na miguu inachomoza kama vichipukizi, vidole vinatengana, na kufikia wiki ya 10 karibu viungo vyote vimeshawekewa msingi. Hapo tunaacha kumwita kiinitete na kumwita kijusi. Urefu wake kichwa hadi makalio ni sentimita 3 hivi. Miezi saba inayobaki ni ya kukua na kukomaa.

Katika hatua hiyo kondo ni zito kuliko mtoto. Uzito wao unakuja kulingana kwenye wiki ya 17 hivi, kisha mtoto analipita, na siku ya kuzaliwa kondo lina takribani sehemu moja ya sita ya uzito wake. Ukitaka kujua maumbile yanathamini nini, angalia yanajenga nini kwanza.

Ushahidi wa ajabu zaidi wa jambo hili uko kwenye ile tunayoiita mimba zabibu. Katika aina yake kamili, yai lisilo na vinasaba vya mama linarutubishwa na mbegu ya baba, na mimba inaendelea kwa vinasaba vya baba peke yake. Matokeo yake ni kondo linalokua kwa fujo, limejaa vifuko vya maji vilivyoshonana, na hakuna mtoto. Mwaka 1984 watafiti walijaribu jambo linalofanana kwa panya: viinitete vyenye vinasaba vya mama tupu vilianza vizuri kiasi lakini kondo lao lilikuwa dhaifu, vya baba tupu vilikuwa na tishu za kondo za kutosha na kiinitete hafifu. Inaonekana jini za upande wa baba zinavutia sana kwenye kondo, kuchota kwa mama kadiri inavyowezekana, na za upande wa mama zinajaribu kuweka kiasi. Wanaume wanaokaa nje ya wodi wakidhani mchango wao uliisha miezi tisa iliyopita wangefaa kuambiwa hili.

Turudi kwenye damu. Mpaka leo kuna watu wazima, wasomi, wanaoamini kwamba damu ya mama ndiyo inayozunguka kwa mtoto. Hazichanganyiki. Katika karne ya 18, ndugu wawili wapasuaji waliofanya kazi London, William na John Hunter, waliingiza nta ya rangi kwenye mishipa ya wanawake waliofariki wakiwa wajawazito na kuonyesha kwamba mzunguko wa mama na wa mtoto ni miwili tofauti. Baadaye wakagombana hadharani nani alikuwa wa kwanza kugundua. Damu ya mama inamwagika kwenye uwazi ndani ya kondo, na ndani ya uwazi huo vinaning'inia vinyweleo vyenye mishipa ya mtoto. Damu ya mtoto inapita ndani ya vinyweleo, ya mama inaviosha kwa nje. Ukivikunjua vyote siku za mwisho wa mimba, eneo lake ni takribani mita za mraba 12, ndani ya kitu chenye upana wa sentimita 22 tu.

Kupitia hapo oksijeni inaingia na hewa chafu inatoka. Damu ya kijusi ina himoglobini ya aina yake inayoing'ang'ania oksijeni zaidi kuliko ya mama, kwa hiyo inainyang'anya. Sukari inapita. Insulini ya mama haipiti. Hapo ndipo ulipo mkasa wa kisukari cha mimba: kondo hutoa homoni zinazofanya mwili wa mama uisikilize insulini kwa shida, ili sukari ibaki kwenye damu na mtoto apate. Kwa wengi kongosho la mama linaongeza juhudi na mambo yanakwenda. Kwa wengine linashindwa, sukari inapanda, inavuka kwa mtoto, na mtoto anaanza kutengeneza insulini yake nyingi na kunenepa. Akizaliwa, kitovu kinakatwa, sukari ya mama inakoma ghafla huku insulini yake bado imejaa. Ndiyo sababu mtoto wa namna hiyo tunampima sukari mara kwa mara na tunahimiza anyonye mapema. Naeleza kwa urefu kwa sababu mama hulaumiwa kwa kula. Kula kuna nafasi yake, lakini kondo ndilo lililoanza.

Zamani madaktari waliamini kondo ni ngome. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wengi wenye mtoto wa jicho, akabaini mama zao waliugua rubela mwanzoni mwa mimba. Kisha ikaja thalidomaidi, dawa iliyoingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kutumiwa pia kwa kichefuchefu cha mimba. Ilipoondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi mikono na miguu. Pombe inapita bila kizuizi. Nikotini inapita. Vimelea vya malaria vina ujanja wao: seli nyekundu zilizoambukizwa zinajibandika ndani ya kondo, hivi kwamba kipimo cha damu ya kidoleni kinaweza kuonyesha mama mzima huku kondo limeshambuliwa.

Ila kondo lina pia vitu linavyovibeba kwa makusudi. Kingamwili za mama huchukuliwa na kuvushwa moja moja, na nyingi huvuka wiki za mwisho, kiasi kwamba mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa akiwa na kiwango kinacholingana na cha mama au kukizidi. Chanjo ya pepopunda kwa mjamzito inafanya kazi kwa njia hiyo. Njiti wa wiki 28 anazaliwa kabla mzigo huo haujakamilika, akiwa na kilo moja tu na mapafu yasiyo na utelezi wa kutosha wa kuyafanya yasishikane. Tunahangaika na mapafu yake, na tuna haki. Lakini alichopoteza ni pamoja na kondo lililokuwa mapafu yake, figo zake na utumbo wake kwa wakati mmoja.

Nikishalipokea kondo naliweka kwenye trei na kulikagua, na hii ni sehemu ya kazi ninayoipenda bila aibu. Upande wa mama una rangi ya damu ya mzee, umegawanyika vipande 15 hadi 20 vilivyobanana. Napangusa mabonge ya damu, nalipakata kwa viganja viwili na kuangalia kama vipande vinakutana vizuri. Pakiwa na pengo, kuna kipande kimebaki ndani. Mara nyingi kuna chembe nyeupe zinazokwaruza kidole, ni chokaa tu, kondo limekomaa. Nikigeuza, upande wa mtoto ni laini, unang'aa, wa kijivu unaoelekea buluu, na mishipa inatawanyika kutoka kwenye kitovu kama mizizi juu ya ardhi. Naifuata kwa macho hadi mwisho. Mshipa ukiendelea kwenye utando na kukatika ghafla pasipo na kitu, maana yake kulikuwa na kikondo cha pembeni, na hakijatoka. Mwisho naangalia kitovu kilipokatwa: matundu matatu, mawili madogo yaliyojikaza, moja kubwa lililolegea. Hayo mawili ni ateri zinazopeleka damu chafu kwenye kondo. Lile kubwa ni vena inayorudisha damu safi, kinyume na mlivyofundishwa shuleni kuhusu miili yetu. Ateri ikiwa moja namwambia daktari, maana wakati mwingine huambatana na hitilafu za moyo au figo za mtoto.

Ukaguzi huo si mapambo. Mwisho wa mimba damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi kuelekea kondo hufika mililita 600 kwa dakika. Kondo likibanduka, mishipa hiyo yote iko wazi. Kinachookoa ni misuli ya mfuko wa uzazi kujikaza na kuibana, ndiyo maana mama huchomwa oksitosini vipimo 10 mara mtoto anapotoka. Kipande kikibaki, misuli haijikazi sawasawa. Damu iliyomwagika ikifika nusu lita tunaiita hatari, na ukipiga hesabu utaona nusu lita ni muda mfupi kiasi gani. Wakati huo huo hatukimbilii kukata kitovu. Tunasubiri dakika moja hadi tatu ikiwa mtoto anapumua vizuri, kwa sababu damu iliyobaki kwenye kondo ni yake, ina madini ya chuma atakayoyahitaji kwa miezi.

Nimeliacha la presha makusudi, kwa kuwa ndilo zito. Baada ya vile vizibo vya mwanzo kulegea, trofoblasti huendelea kuingia kwenye mishipa ya mama na kuila misuli yake, hadi mishipa iliyokuwa myembamba na yenye kubana inakuwa mipana isiyoweza kujibana tena. Kazi hii hukamilika kwenye wiki ya 20 hivi. Isipofanyika vizuri, damu inaingia kidogo na kwa kishindo, kondo linaumia, na linaanza kumwaga kwenye damu ya mama protini zinazoharibu ngozi ya ndani ya mishipa yake mwili mzima. Presha inapita 140/90, protini inaonekana kwenye mkojo, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, na mwisho wake unaweza kuwa kifafa cha mimba. Nani aliyesababisha? Mwanamke mwenye mimba zabibu, asiye na mtoto tumboni, anaweza kupata hali hii hii. Kondo peke yake linatosha. Na tiba yake hasa mpaka leo ni kulitoa kondo, ingawa hatari haiishi siku hiyo hiyo.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wanawake walio kwenye hatari, aspirini miligramu 150 kila usiku, ikianza wiki ya 11 hadi ya 14, inapunguza kwa zaidi ya nusu aina ya hali hii inayolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki 37. Ndiyo maana nang'ang'ana na wanaochelewa kuanza kliniki hadi tumbo lionekane: wakati huo kondo limeshamaliza kujenga. Aspirini yenyewe usijiandikie. Mwambie mhudumu kama uliwahi kupata presha ya mimba, una mapacha, au una presha, kisukari au ugonjwa wa figo, naye aamue.

Kwenye ultrasaundi ya wiki 20, ukishaangalia sura, uliza kondo limekaa wapi. Likiwa mbele utachelewa kidogo kusikia mtoto akicheza, usiogope. Likiwa chini karibu na mlango wa uzazi, mara nyingi litapanda kadiri sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inavyotanuka, lakini litahitaji kuangaliwa tena kuelekea wiki ya 32. Na damu yoyote miezi ya mwisho, hata isiyo na maumivu, nenda hospitali. Usikubali mtu akuingize kidole kabla hawajajua kondo liko wapi.

La mtoto kucheza tumboni nalo lina siri yake. Kondo likianza kushindwa, mtoto hubana matumizi: damu anaielekeza kwenye ubongo na moyo, tumbo linabaki jembamba, figo zinapunguza mkojo na kwa hiyo maji ya uzazi yanapungua, na yeye mwenyewe anapunguza kujisogeza. Kwa hiyo aliyezoea kucheza akitulia kuliko kawaida yake, usinywe kitu cha baridi ukangoja kesho. Mara nyingi tutamsikiliza moyo, tutampima, na tutakuambia urudi nyumbani mzima. Hakuna mkunga wa maana atakayekukasirikia kwa kuja bure.